Kutwa Mara Mbili

Deni aliletwa na kaka yangu Lihanda
badala ya shilingi mia tisa
ambazo mtu wa Mumias hakuwa nazo
na hatakuwa nazo.
Ndiyo asili ya jina. Nikimwita jioni
majirani wa hapa Khayega hucheka:
Mmbone ameanza kudai.

Wiki ile mvua ya saa tisa haikukosa hata siku moja.
Deni aliharisha nyuma ya jiko, chini ya migomba,
uji wenye utelezi, na ndani yake
uzi mwembamba wa damu.
Mkia uliokuwa bendera ukawa kamba.
Nilimtia kwenye kreti ya soda,
nikafunga kreti nyuma ya baiskeli,
nikaisukuma mpaka kwa daktari wa mifugo.

Daktari Jerono alimbonyeza tumbo kwa vidole viwili,
akasikiliza, akanusa (ndiyo, akanusa),
akahesabu vidonge kumi na vinne
kwenye bahasha ya kaki, akaandika kwa wino wa buluu:
1 x 2, siku 7.
Chini ya saba akapiga mstari.
"Hii haizururi," akasema. "Damuni haiingii sana.
Hushuka hadi utumboni ikakaa huko huko,
kama fundi anayelala katika nyumba anayoijenga."

Ni chungu. Nililamba kimoja
nijue ninachomlisha mwenzangu.
Shubiri ina nafuu.
Nilikificha katika tonge la ugali:
akala ugali, kidonge akanitemea juu ya kidole cha mguu.
Nikakificha katika matumbo. Vilevile.
Nikaponda omena, nikakizika katikati,
akameza, kisha akanitazama
kama mtu aliyetapeliwa na ndugu.

Na Kasisi, paka mweusi mwenye kola nyeupe,
naye tumbo lilikuwa limemshika;
bahasha yake, nusu nusu.
Alitoa povu kama sufuria ya maziwa iliyosahauliwa,
akapanda kwenye boriti,
na hakutubariki hadi asubuhi.

Siku ya tatu kinyesi kikaganda.
Siku ya nne mkia ukapanda, akamfukuza kuku wa jirani,
nami nikafurahi kulipia yai lililovunjika.
Vidonge sita vilikuwa vimebaki.
Nikawaza anavyowaza mtu wa sukari ya kupima:
viweke. Mwaka una magonjwa mengi.
Nikakunja bahasha, nikaenda kabatini,
nikafungua kopo la kakao.

Humo mlikuwa na vyake.
Karatasi mbili za vidonge vya kifua,
vyekundu kama matofali,
hata kimoja hakijatobolewa.
Nilikuwa nimesahau. Hapana,
nilikuwa nimeacha kufungua kopo.

Mwezi wa pili alipopata nguvu alisema
dawa ni za wagonjwa, mimi nabeba mchanga.
Akaviweka. Mwaka una magonjwa mengi.
Kikohozi kiliporudi hakikupiga hodi,
na safari hii, muuguzi alituambia,
vijidudu vilivyosalia
vilikuwa vimeshaijua sura ya dawa.
Mtu wa Mumias alikuja matangani
mikono mitupu, akala, akalia kweli.

Nilifunga kopo. Bahasha ilibaki mkononi.
Nje, Deni alisikia harufu ya omena
akaingia uvunguni mwa mkokoteni,
maana naye hujifunza.

Jioni ya saba, kidonge cha kumi na nne,
mvua ikipasua masikio juu ya mabati,
alikitema mara tatu.
Mara zote tatu nilikiokota,
nikakifuta kwa ncha ya leso,
nikapiga magoti matopeni.
Deni, nikasema.
Deni.
Fungua mdomo, Deni, tumalize.