Mashine ya Saa Nane

Mashine ya Luvanda huzimwa saa mbili usiku,
mkanda hunyamaza, vumbi la unga hutua.
Yangu huwaka saa nane.
Haina mahindi, haina dizeli.
Aliyeigundua ni mjukuu wangu Subilaga, tunalala kitanda kimoja:
"Bibi, jana umesaga tena. Unasaga nini?"

Sikuwa na jibu.
Nilikuwa nimeshika shavu, hapa, mbele ya sikio,
mahali mfupa unapozungukia mfupa
na sasa unalia kama bawaba ya mlango wa zizi.

Hapa Makete tunasema ni baridi.
Jina lenyewe linakubali: baridi yabisi,
kana kwamba ule weupe wa Juni juu ya viazi
umepenya dirishani, ukapanda kitandani.
Vidole vilitangulia,
mwaka ule pareto ilipochanua na mimi
nikashindwa kulichuma ua.
Kisha magoti. Taya sikulitarajia.
Nani huliwekea taya akiba ya maumivu?

Daktari, kijana wa shati lililopigwa pasi, akasema:
Si baridi, mama. Ni walinzi wa mwili wako.
Wamepotewa,
wanaipiga mawe nyumba wanayoilinda.
Na meno?
Hayo, mama, unayasaga mwenyewe.

Mwenyewe.
Nilirudi na neno hilo kona zote za mlima.

"Uma meno," alisema mama, nikimzaa Ambokile.
"Uma meno," walisema shangazi, tukimzika Ambokile,
na Subilaga mgongoni hajaota hata jino moja.
Niliuma.
Hakuna aliyerudi baadaye kuniambia: basi, achia.

Taya likaishika amri.
Mimi nalala, lenyewe li kazini.

Sasa nina kipande cha plastiki, nakivaa usiku
kama punda na lijamu yake; Subilaga hucheka mpaka akohoe.
Ugali namega tonge la mtoto.
Mahindi ya kuchoma nayala kwa macho.

Juzi hakuuliza kitu.
Aliota moto jikoni, akaja na kiganja chake,
akakibandika shavuni pangu, akakiacha hapo.
Yaliyofuata siyajui, nilikuwa usingizini.
Yeye ndiye aliyenisimulia asubuhi, akimenya kiazi:
"Ilizimika, bibi. Kidogo tu.
Halafu ikawaka tena."