Likipumzika, Hurudi?

Jumatatu lilipanda Zombo na magunia kumi na mawili ya kahawa
likinguruma kama limeshiba.
Jumatano, magunia matatu tu, mlima uleule,
likaanza kukohoa penye kona ya kanisa.
Nikakanyaga mafuta mpaka sakafuni,
na sakafu ndiyo iliyonijibu.
Gia ya pili. Ya kwanza. Kisha kimya,
na mbuzi wawili wakinitazama kwa huruma ya uongo.

Ni la mwaka themanini na tisa, hili Landkruza.
Halina kompyuta ya kukiri makosa,
halina kitaa cha njano cha kunisengenyea injini.
Likiugua, unabaki wewe na masikio yako.

Nikabadili chujio. Likapona siku mbili.
Nikabadili tena. Halikujali.
Arua wakaniambia, nozeli.
Katwe wakaniambia, pampu,
wakaifungua juu ya gazeti, wakaifunga,
wakahesabu noti zangu kwa vidole vya grisi,
nami nikarudi nikipiga mluzi hadi Pakwach,
ambako lilichoka katikati ya daraja
na askari akanionyesha kwa mkono: sogea, sogea.

Ndipo nikatafuta mtu wa kulaumu,
nikampata karibu. Oyirwoth, utingo wangu,
aliyelala juu ya magunia miaka minne,
aliyeijua kila bolti inayolegea na barabara yake.
Nikasema: unauza dizeli yangu, unajazia maji.
Hakubisha. Alikunja blanketi,
akaniachia spana ya kumi na saba
juu ya tairi la akiba, imefutwa safi.

Thopacu wa Paidha hana bango.
Wala hakufungua boneti.
Alikaa juu ya rimu akila muhogo,
akauliza maswali kama tabibu wa watoto wachanga
anayemhoji mama, kwa kuwa mgonjwa hasemi.
Moshi? Mweusi kidogo, kisha hamna.
Asubuhi, likiwa baridi? Linawaka mara moja.
Linakatika, au linafifia?
Linafifia, nikasema, kama mtu anayekabwa taratibu.
Akaacha kutafuna.
"Na ukilizima, ukakaa muda wa sigara moja,
likipumzika, hurudi?"

Hurudi. Kila mara hurudi.
Mafundi wanne niliwaeleza jinsi linavyokufa.
Hakuna aliyeniuliza jinsi linavyofufuka.

Akachomeka kabla ya pampu
kipande cha mpira unaopitisha mwanga,
tukaacha injini inguruma, tukatazama dizeli ikipita.
Hakuna povu, hakuna hewa.
Ila mkondo ukakonda, ukakonda,
kama titi la mbuzi saa ya mwisho ya kukamua.
Tukazima. "Kimeachia," akasema,
ingawa hakuna kilichosikika.

Tukashusha tangi. Mikanda yake ilimwaga kutu kama unga wa mtama.
Akaingiza waya uliopindwa ncha,
akavua patupu, akavua patupu,
mara ya tatu akatoa kaveera jeusi,
kipande cha upana wa kiganja,
laini, limelowa, halina hatia.
Likivutwa, huziba mdomo wa bomba.
Injini ikizimwa, huanguka, likalala.

"Hili huwekwa chini ya kifuniko cha jerikeni
isivuje njiani," akasema,
akiangalia pembeni, kwa adabu.

Goli. Usiku, mvua, mwezi wa nne.
Dizeli rahisi iliyovuka kutoka Mahagi.
Oyirwoth alikuwa usingizini juu ya magunia.
Nilimimina mwenyewe, tochi mdomoni.

Leo limepanda na magunia kumi na matano,
gia ya tatu, limeipita kona ya kanisa
bila kuomba ruhusa.
Juu kabisa nimelizima, pasipo sababu,
nimekaa muda wa sigara moja, simu sikioni.
Spana iko kwenye kiti chake.
Inaita.
Inaita.