Pia

Miaka kumi na minne nimevuka barabara hii ya Narborough,
nabonyeza kitufe, nangoja, navuka,
bila kujua kwamba chini ya tumbo la kile kisanduku
kuna kitu kinaning'inia
kama kastabini iliyosahauliwa.

Deirdre ndiye aliyenionyesha.
Hapana, "kuonyesha" si neno lake.
Alinishika kiganja, akakipeleka chini.
"Vua glavu," akasema. "Haisomeki kwa sufu."
Februari, Leicester, mvua ya sindano.
Nikavua.

Daktari alishanieleza: presha ya macho,
pindo ndilo huliwa kwanza,
kama kitenge kilichoachiwa panya.
Nikamwambia mimi fundi cherehani,
uzi naupenyeza kwa ulimi na ncha ya kidole,
tundu la sindano sijaliona tangu Ramadhani.
Hakucheka.

Basi tukasimama, Deirdre na mimi,
malori yakiturushia maji ya matope.
Kidude baridi, kina mikwaruzo kama ukingo wa shilingi,
kimetulia.
Kimetulia.
Kimetulia bado.
Halafu kikazunguka.

"Pia!" nikapiga kelele, mtu mzima mimi,
kama niko Makorora, magoti yamejaa vumbi.
Deirdre akauliza, pia ni nini?
Nikaanza: kipande cha mti, unakichonga ncha,
unakizungushia uzi, unakirusha, unauvuta...
Taa ikageuka. Tukabaki upande uleule,
yeye anacheka, mimi nafuta kamasi.

Siku hizi natoka peke yangu.
Wenzangu hubonyeza juu, wanatazama juu;
mimi mkono uko chini ya kisanduku
kama mtu anayekamua mbuzi wa jirani.
Jana kijana mmoja, ananuka chipsi na siki,
akanidaka kiwiko: bado nyekundu, mama, subiri.
Kidole kilikuwa kinajua hivyo.
Nikamshukuru hata hivyo, baridi haitaki ugomvi.
Kikaanza kuzunguka,
nikatia mguu barabarani kabla yake,
nyuma yangu nikasikia viatu vyake vinashtuka.

Jioni Mwanakheri akipiga simu huanza na wengine.
Baba alifika msikitini? Alifika.
Shangazi alikwenda sokoni na mvua hii? Alikwenda.
Halafu ananyamaza kidogo, nasikia anavuta pumzi:
Na wewe, mama, ulivuka?

Mimi pia.