Mwaliko wa Dumu

Kadi tuliandika kwa mkono, nyuma ya karatasi za mnada:
"Bahasha msilete. Kila mtu dumu moja la maji."
Newala ikacheka mpaka Kitangari.
Mamdogo Somoe akauliza: harusi, au msiba wa bomba?

Nikampigia hesabu. Wali kilo arobaini,
sufuria saba, mikono mia mbili ya kunawa,
na boza moja linameza bei ya shela.
Shela nikaifuta. Likwena akafuta keki,
kisha akairudisha kwa kalamu nyingine,
nami nikajifanya sikuona.

Kamati hatukuunda. Ukumbi, ghala la korosho,
bado linanuka salfa; tulifagia siku mbili
tukipiga chafya kama mbuzi.

Ila usiku sikulala. Mama alishuka bondeni
akapanda na ndoo, miaka thelathini,
shingo ikawa fupi kuliko ile ya kwenye picha.
Nilitaka, walau siku moja,
maji yapande yenyewe hadi kwake.
Hilo sikulisema. Lisingeenea kwenye kadi.

Baba alisema haji: binti yake haombi maji
kama mpita njia.
Nikaweka kiti chake, nikakiondoa, nikakirudisha.

Kesho yake tukahesabu madumu mlangoni.
Themanini na saba, yote yana majina.
Na moja halina,
nusu tu, limezibwa kwa gunzi
lililochongwa namna anavyochonga mtu mmoja.

Tukalichemshia chai.
Likwena akasema ina ladha ya moshi.
Nikamwambia, kunywa.