Pambizoni

Mvua ya usiku imeteremsha tena udongo wa Kadutu.
Ziwa ni chai ya maziwa mpaka nguzo ya tatu,
kisha, ghafla, ziwa.

Saa kumi na mbili na robo. Vijana wa nyavu hawajashuka bado
kuvuta chupa, kandambili, madumu yaliyopasuka,
vyote tulivyovitupa mlimani
tukidhani mlima uko mbali na maji.
Juu ya zulia hilo anatembea kitwitwi,
mgongo rangi ya kahawa iliyopoa,
weupe wa tumbo umempanda begani
kama shati lililochomoka kwenye suruali,
mkia juu, mkia chini, mkia juu,
anakubali, anakubali,
sijui ameulizwa nini.

Mmoja. Wawili kwenye jiwe. Yule wa nne
nilimdhania kifuniko.

Miaka thelathini na mmoja baba yangu, Papa Bisimwa,
alisoma kipimo cha maji hapa Ruzizi inapoanzia,
asubuhi na jioni, vita na amani.
Kina cha ziwa alikiandika kwenye mistari, kwa wino wa kampuni.
Pambizoni, kwa penseli aliyoinunua mwenyewe,
vijiti: vinne vimesimama, cha tano kimelala juu yao.
Wakubwa walipokuja kukagua waliuliza, hivi ni nini?
Akajibu: wageni.
Wakafikiri ni wageni wa ofisi. Wakatia sahihi.

Sasa macho yake yana ukungu usioondoka hata saa nne.
Namshika mkono kuteremka ngazi za udongo,
namkalisha juu ya dumu lililopinduliwa,
nafungua daftari la mwanangu, kurasa zilizobaki za hesabu.
"Wangapi?"
"Saba."
Anainamisha kichwa. Ng'ambo pikipiki inapanda kilima cha Rwanda.
Mtumbwi wa sambaza unarudi, taa zake zinawaka bure mchana.
"Wanane," anasema. "Mmoja yuko nyuma ya mtumbwi. Analia peke yake."
Nangoja. Mtumbwi unapita.
Nyuma yake maji, maji, kisha mabawa
chini kabisa, yanatetemeka, yanakakamaa, yanateleza,
twii-wii-wii.
Sawa, baba. Wanane.

Dada yangu Cibalonza alipiga simu jana kutoka Oulu.
Huko, anasema, saa tisa mchana giza limeshaingia,
ufuo umekuwa kioo,
na wale wanaotikisa mkia waliondoka zamani,
hakuwaona wakiaga.
Akataka kusema jambo kuhusu ndege na viza.
Usiseme, nikamwambia, kila mtu amekwisha kulisema.
Tukacheka. Kisha akauliza, baba anakula?
Anakula. Anahesabu.

Sijui kama ni walewale.
Kitwitwi hana barua mguuni; ana tope.
Mwezi wa tano nitashuka asubuhi moja nikute chupa tupu
na baba atageuza sikio huku, atageuza huku,
halafu ataniambia kama kila mwaka: andika sufuri.
Sufuri nayo ni namba. Usiache wazi.

Vijana wameshuka. Wanapigiana kelele, wanaburuta nyavu,
na wanane wote wanaruka mpaka jiwe linalofuata,
hatua kumi, si zaidi.
Wametuzoea.
Mkia juu. Mkia chini.

Baba ananyoosha kiganja apewe penseli.
Namwongoza kidole mpaka ukingo wa karatasi,
pale mistari inapokoma.
Anachora taratibu, ulimi kwenye kona ya mdomo:
vinne, cha kulala, cha sita, cha saba,
na cha nane kinatoka nje ya ukurasa,
kinaangukia kwenye kitenge changu, juu ya goti.