Mkono Uliofunga Mlango

Nafagia bisi chini ya viti,
nao wangali nje, chini ya bati la mlangoni,
wakingoja manyunyu ya Orizaba yachoke.
Hayachoki. Basi wanabishana.

Picha ni ile ile, wanasema, na si ile.
Ngazi zile zile, nyumba ile ile ya Mtaa wa Waseremala,
maiti ya mwanamke ndani ya beseni la kuogea,
ila safari hii muuaji si mfamasia.

Nabor wa teksi amenuna.
Aliweka dau la peso mia mbili na shemeji yake,
akakaa saa mbili akitabasamu gizani
kama mtu aliyekwisha kuchungulia karata za mwenzake,
mara hakimu anavua miwani, anakiri.
"Huu ni wizi. Kitendawili hakibadilishwi jibu
watu wakiwa wamekaa nalo miaka hamsini!"

Lakini mfamasia mwenyewe, Bi Leocadia wa duka la pembeni,
amekuja na koti lake jeupe la kazini.
Ananunua mahindi ya kikombe, anakamua ndimu, anazidisha pilipili,
anakula kama aliyetolewa rumande leo asubuhi.
Baba yake aliuza dawa, naye anauza dawa,
na hajapata mteja wa dawa ya kikohozi
asiyeuliza, huku akicheka, imetiwa sumu kiasi gani.
"Mimi nimeipenda," asema, mdomo umejaa.
"Nimeipenda mno."

Toribio fundi viatu hataki kusikia.
Ile ya kale ilikuwa na giza, asema,
giza la mkanda uliochakaa, huoni mkono wala kisu,
unaogopa hata koti lililotundikwa.
"Humu giza nalo limewashiwa taa.
Naona kila kitu. Sasa niogope nini?"

"Kwenye ile ya kale," Citlali anamkata kauli,
"yule marehemu hana jina. Nilihesabu.
Mara thelathini na moja: 'yule mwanamke'.
Humu anaitwa Amparo. Ana mama.
Mama anapiga simu, na simu inaita
ndani ya droo ya polisi..."
Hamalizi.
Wote wanatazama lami, wanatazama viatu.
Ng'ambo ya barabara ukuta umejaa karatasi za waliopotea,
nyuso zinavimba kwa mvua, gundi inachuruzika.
Bango la picha nililibandika mimi, juu kabisa, kwa ngazi,
nisimfunike mtu.

Ndipo Bi Obdulia, ambaye hakuna aliyemuuliza, anauliza:
"Na mlango? Mmeona nani kafunga mlango?"

Hakuna aliyeona. Ulijifunga, wanasema. Upepo.

"Mlango haujifungi."
Kisha hadithi yake, ile tunayoijua sote:
mwaka ule mcheza picha alikuwa na jipu kidoleni,
wakamtoa yeye karakana ya kofia, binti wa miaka kumi na tisa,
wakamsugua gundi kwa mafuta ya taa,
wakamvika pete ya kuazima, wakamwambia: funga, taratibu.
Sekunde tatu. Malipo, sahani ya wali na kuku.
Nabor anakonyeza. Toribio anakohoa.
Kila mji una bibi aliyewahi kuwa ndani ya picha.

Manyunyu yamepungua, au wamechoka wao.
Wanatawanyika, kila mmoja na muuaji wake.
Nazima taa za nje.
Bi Obdulia anarudi peke yake: amesahau mwavuli.
Anauokota, ananiaga, anatoka,
anauvuta mlango nyuma yake.

Taratibu.
Vidole vinne ukingoni mwa ubao,
na kidole gumba kikajikunja ndani kidogo,
kama kinachoficha kitu.

Ile ya kale nimeiona mara tisa.
Nilisimama pale pale na ufagio wangu
nikingoja, kwa mazoea tu,
yowe.