Nyumba ya Chokaa, Buhene

Mimi ni wa nyundo. Makoro nayajua kwa sikio:
jiwe zima hulia kama sahani,
lenye ufa hukohoa.
Miaka kumi na tisa nalipwa kwa jiwe,
si kwa maneno.

Kwa hiyo walipokuja wale wawili,
Solange Kavugho, msanifu majengo, michoro ndani ya bomba,
na Birindwa, mcheza ngoma asiye na ngoma,
miguu peku juu ya lava,
niliuliza: tunajenga nini?
"Bado hatujui. Ndiyo maana tumekuita."
Nilicheka mpaka chukudu yangu ikaanguka.

Wakamwaga chokaa juu ya makoro.
Mstari, ukuta. Pengo, mlango.
Ramani kubwa sawa na nyumba yenyewe,
bila paa, ila bashi moja la buluu
na moshi wa mlima.
Birindwa akaanza kuishi humo.
Akafagia pasipo fagio,
akampisha mtu asiyekuwepo,
akakwama kwenye kona, ubavu kwanza,
na Solange akapiga magoti, akafuta,
akaongeza upana wa bega moja.
Kazi yangu: kugonga jiwe
kila ukuta unapoguswa,
ili waliosimama wasikie nyumba ilipo.
Franka elfu kumi kwa siku. Kwa kelele!
Mke wangu hakuamini, akazihesabu mara mbili.

Watoto walikataa kukanyaga mstari.
Walizunguka, hata wale wakorofi,
wakaingia kwa mlango.

Siku ya tatu akaja Mama Masika,
beseni la sambaza kichwani.
Yeye hakuzunguka. Alikatiza ukuta.
Nyundo yangu ikabaki hewani.
"Jiko langu liko hapa," alisema,
"mita tatu chini. Na maharage yangu."
Akasugua chokaa kwa kisigino.
"Dirisha nalo mmeliweka vibaya.
Langu halikutazama mlima.
Nani angelala?"

Solange alimtazama Birindwa.
Birindwa alinitazama mimi,
kana kwamba mimi ndiye mwenye jibu.
Nikatua nyundo.
Nikampokea beseni,
tukampa chokaa.

Alichora mpaka jioni, akigombana na mkono wake:
hapana, kitanda kilikuwa huku,
hapana, huku alilala Nzanzu.

Usiku mvua ikanyesha. Asubuhi, weusi mtupu,
isipokuwa jiwe moja penye pembe ya jiko.
Nililiweka gizani, kabla ya mawingu.
Hilo sikulipwa.
Lakini nililigonga kwanza.
Lililia.